Naombeni ushauri: likizo tunakaa nyumbani Mtwara, nitapumzikaje?

Mama Somoe: Wakuu, habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Shangani. Juni hii shule zikifungwa, mimi na mume wangu tuna likizo pamoja. Tumekubaliana hatusafiri, nauli ya watu watano kwenda Dar na kurudi bora tuile hapahapa. Tatizo ni kwamba kila nikikaa nyumbani likizo inaisha nimechoka kuliko siku za kazi. Kufua, kupika, kupokea watu. Nifanyeje nami nipumzike na wanangu?

Bint Chikongola: Dada, gawa kazi kabla likizo haijaanza. Kwangu asubuhi ni chai na ming'oko ya kuchemsha, kila mtu anaosha kikombe chake. Siku moja vukeni na kivuko mwende Msanga Mkuu, mshinde mchangani. Jikoni huingii siku hiyo.

Kibarua wa Feri: Mikindani pia, daladala tu. Waonyeshe watoto Boma la Wajerumani, la 1895 lile. Mimi marehemu baba alinipeleka nikiwa mdogo, tukapanda juu kabisa nikaiona ghuba yote na ngalawa zinaingia. Akaninunulia dafu. Mzee wangu hakuwa mtu wa maneno, ila siku ile aliongea mpaka tunafika nyumbani.

Mzee wa Ligula: Binti yangu, hao watu unaowapokea ni akina nani?

Mama Somoe: Ni ndugu tu, mzee.

Mzee wa Ligula: Ndugu gani?

Mama Somoe: Mama mkwe. Huja kutoka Newala kila Juni, anakaa mpaka Septemba. Nimeshampigia kumwambia mwaka huu tunasafiri. Msinihukumu jamani. Miaka yote namhudumia kwa moyo, uji wake, maji yake ya moto. Nataka wiki mbili tu na wanangu. Mume wangu nitamweleza.

Bint Chikongola: Weee! Yaani mumeo hajui? Mji wenyewe huu, kesho utaonwa sokoni na mtu wa Newala.

Abuu Swabri: Mkwe ni mzazi. Leo unamfungia mlango, kesho nawe utakuwa mkwe wa mtu. Tafuta radhi zake, dada.

Mmakonde Halisi: Hii ni chai. Mimi mtu wa Kitangari. Kuanzia Juni huko watu wanahangaika kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri mtu. Bibi gani mwenye mikorosho anaiacha msimu wa dawa aje kukaa Shangani mpaka Septemba? Mtoa mada katunga, tunapoteza bando.

Abuu Swabri: Hata mimi nilianza kushangaa.

Mama Somoe: Sijatunga! Mikorosho anaisimamia shemeji yangu. Mama anakuja kwa sababu ya hiyohiyo salfa. Ana pumu, na nyumba yake iko katikati ya mikorosho. Wakianza kupuliza alfajiri, kifua kinambana.

Mzee wa Ligula: Mbona hili umelificha mpaka umeitwa mwongo?

Mama Somoe: Kwa sababu nilijua mtaniona mbaya. Shemeji kasema hawajaanza kupuliza. Nilipanga aje baada ya hizo wiki mbili, ubaya uko wapi?

Mmakonde Halisi: Samahani dada, hapo nimekuelewa. Lakini jirani yake akianza mapema, vumbi halijui mpaka wa shamba. Hakikisha ana dawa yake ya kuvuta, na mumeo ajue leo.

Bint Chikongola: Tena mumeo ndiye ampigie mama yake, ampe tarehe ya kuja. Akibanwa kabla, aje siku hiyohiyo. Na uji wa mama yake, mume apike yeye, naye si yuko likizo?

Mama Somoe: Akirudi jioni namwambia. Uji anajua kupika. Ila ya Msanga Mkuu nimeipenda, kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi?

Kibarua wa Feri: Usisubiri cha mwisho. Mwezi huo kusi linavuma, jioni watoto watalowa.