Tupeane uzoefu: nani anafundisha watoto Kifaransa jikoni?

MamaWatatu (Mkomani, Lamu)
Assalaam aleikum wanajamvi. Binti yangu yuko kidato cha pili, anasoma Kifaransa. Daftari limejaa, mdomo mtupu. Kituo cha kufundishia Kifaransa, Alliance Française, tunachoweza kukifikiria kiko Mombasa, na mashua hadi Mokowe kisha basi si safari ya kila Jumamosi. Nikaamua tukipika chajio yeye anisemeshe Kifaransa, nijibu nikiweza, nisipoweza nicheke.

Siku ya kwanza akaja na "je suis faim". Nini hiyo? "Nina njaa." Kesho yake mwalimu akamsahihisha: ni "j'ai faim". J'ai ni nina, faim ni njaa. Na kiu ni "j'ai soif", nina kiu. Sawasawa na tusemavyo sisi! "Je suis" ni "mimi ni", ile "I am" ya "I am hungry". Kumbe mtoto alikuwa akitoka kwenye Kiswahili, anapitia Kiingereza, ndipo aende Ufaransa, na njiani ndiko alikopotea. Sharti sasa ni moja: Kiingereza kivuliwe mlangoni pamoja na viatu. Wenzangu mnafanyaje?

HamriLaMoto (Shela)
Waaleikum salaam dada. Mimi sikukisoma, nilikiokota kwa wateja, na hesabu ndiyo iliyonitoa jasho. Sabini ni soixante-dix, sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, ishirini nne. Tisini ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi. Nani alikaa akapanga hivyo?

Alfajiri moja mahamri yanatoka karaini, nikawaita wanangu tuyapange mafungu ya ishirini ishirini kwenye sinia. Mafungu manne, quatre-vingts. Weka kumi pembeni, quatre-vingt-dix. Mdogo wa miaka minane alishika kabla yangu. Tisini na tisa bado inanishinda.

BabuWaNgalawa (Malindi)
Huku kwetu kikwazo ni Kitaliano. Mtoto anakiokota pwani kabla hajajua kusoma, kisha anakileta jikoni. Siagi anaita burro, wakati Kifaransa ni beurre. Hilo dogo.

Kubwa ni samaki. Poisson ni samaki, poison ni sumu. Zikiwa s mbili unasema s, ikiwa moja katikati ya irabu inasomeka z. Mjukuu wangu aliwatangazia wageni wa Kifaransa kwamba babu yake anavua sumu, na tena ni mbichi, ya leo asubuhi. Tulicheka mpaka kolekole wakaungua. Sasa nikirudi na kitoweo haguswi samaki mpaka neno litamkwe mara tatu. Nimemwongezea na boisson, kinywaji, makusudi nimchanganye.

KopoLaIliki (Lamu)
Nitawapinga kidogo wale wanaobandika majina ya Kifaransa kwenye vitu vya jikoni. Nilibandika makopo yote: cannelle mdalasini, gingembre tangawizi, clou de girofle karafuu. Mvuke wa pilau ukayabandua, na hakuna aliyeuliza yameenda wapi. Majina matupu hayamfungui mtu mdomo.

Kilichotufaa ni kuomba. Hupewi kitu mpaka ukiombe: du sel (chumvi), de la farine (unga), des œufs (mayai). Hizo du, de la na des nilizikariri zamani darasani bila kujua kazi yake. Jikoni nikaelewa: hubebi chumvi yote ya dunia, unachukua sehemu tu. Ukipima, inabaki de peke yake: un kilo de farine. Kitu kikikosekana, de tena: pas de sucre, hakuna sukari. Hii ya mwisho watoto wangu wanaitamka kama waliozaliwa Paris, na sababu mnaijua, mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

BintiNgazija (Langoni, Lamu)
Mamangu ni Mngazija. Kwao Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kikomoro na Kiarabu, basi tulikuwa tukikuna nazi yeye akitusemesha. Aliyekaa kwenye mbuzi ndiye anayeulizwa. Maswali yenyewe mepesi, lakini ukitazama jibu unakwaruza kidole.

Alilokuwa mkali nalo ni heshima. Ndugu yako unamwambia "passe-moi le sel", nipe chumvi. Nyanya unamwambia "passez-moi le sel, s'il vous plaît", nipe chumvi tafadhali, kwa "vous" ya heshima. Kakangu aliisahau "vous" siku moja, akasogezewa sinia tupu. Nyanya hajui Kifaransa hata kidogo, ila alimwona mama alivyokunja uso, ikamtosha.

MamaWatatu
Ahsanteni sana, ya sinia tupu nimeiiba. Nawaletea na yangu. Tarehe 2 Februari ni sikukuu ya Chandeleur, Wafaransa wanakula crêpes. Binti akasoma vipimo: unga, mayai, maziwa. Nikamwambia mwanangu, hizi ni chapati za maji, hebu lete kikaango! Desturi yao unairusha hewani huku umeshika sarafu mkono wa pili. Akashika shilingi ishirini, akarusha, ikapita kikaango, ikatua sakafuni. Paka wa Lamu mnawajua.

"Le chat mange ma crêpe!" Paka anakula crêpe yangu! Akapiga kelele hivyo hivyo, bila daftari, akamfukuza hadi kichochoroni.