Tupeane uzoefu: uliyepunguza mwili, ni lipi hukuambiwa na mtu?

Mleta mada, Njiro

Wakuu, habari za jioni. Orodha za "kula hiki, acha kile" zimejaa kila kona, hizo tuziache. Ninaowataka hapa ni wale waliopungua kweli, hata kama kilo zilirudi baadaye, watueleze yale ambayo hayamo kwenye orodha hizo. Wauza chai za tumbo na unga wa kuchanganya kwenye uji, piteni salama.

Naanza mimi. Nilikuwa kilo 104, urefu mita 1.72. Sasa niko 86. Kwa ile hesabu ya kugawa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, nimetoka 35 nimefika 29. Bado ni mnene, ila nimeshuka chini ya 30, maana kuanzia 30 kwenda juu ndiyo wataalamu wanaita kiribatumbo.

Nilichojiandaa nacho ni njaa. Maneno ya watu sikuyawazia. Hapa Arusha mwanaume akipungua majibu ni matatu tu: anaumwa, amefulia, au mke anamtesa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alinivuta pembeni akaniuliza kama nimeshaanza dozi. "Siku hizi watu wanaishi miaka na miaka, mwanangu, usijifiche." Nikamshukuru, maana nia yake ilikuwa njema kabisa. Mama yangu alivyoona picha hakunipigia mimi, alimpigia mke wangu, na alimhoji kama mkwe aliyeacha kumpikia mwanawe. Kusema kweli aliyeumia zaidi katika safari hii ni mke wangu, na wala hakuwa anapunguza chochote.

Kwa hiyo somo langu la kwanza: ukiwa na mwenzi, kubalianeni mapema watu wataambiwa nini. Sisi tuliishia kwenye "daktari kasema presha", ambayo ilikuwa kweli, presha ilikuwa juu. Ukisema unapunguza mwili kwa hiari yako unabishiwa mpaka unakula. Ukimtaja daktari, sahani inaondolewa bila mjadala na unaletewa tikiti maji. Kwa nini heshima ya daktari iwe kubwa kuliko ya tumbo la mwenyewe, hilo sijui, ila itumieni.

Mama wawili, Sakina

Mimi sikupima chakula hata mara moja. Nilipima dumu.

Tulikuwa watu wanne nyumbani na dumu la lita 5 la mafuta ya kupikia lilikuwa linaisha mwezi. Dada mmoja wa lishe kliniki akanipigia hesabu: gramu moja ya mafuta ni kalori 9, dumu zima ni zaidi ya 40,000. Gawanya kwa watu wanne, gawanya kwa siku 30, unapata karibu 350 kwa kila mtu kwa siku, na hapo hujahesabu ugali, nyama wala chai. Nilikuwa nalaumu ugali, kumbe mafuta yalikuwa yamejificha kwenye mchicha!

Nikaacha kumimina kutoka kwenye dumu. Nilinunua kichupa kidogo, nikawa napima kwa kijiko kikubwa, ambacho kimoja ni kalori kama 120. Vitunguu naanzisha na kijiko kimoja, vikianza kushika chini naongeza maji. Nyama naichemsha kwanza, mafuta yake yenyewe yanatosha kuiunga. Wali wangu hauna mafuta siku hizi na hakuna aliyegundua. Chapati zimebaki Jumapili, hizo sitaki kusikia mtu.

Dumu sasa linavuka mwezi wa pili. Mimi nimeshuka kilo 11 taratibu sana. Baba watoto, ambaye hakuwa kwenye mpango wowote, ametoboa tundu jipya kwenye mkanda na anadhani ni kwa sababu ya kazi nyingi. Mwacheni adhani hivyo.

Dereva wa utalii

Kazi yangu ni kuendesha wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Watu wanafikiri tuko porini basi tuna mazoezi. Ndugu zangu, hifadhini hushuki kwenye gari ovyo. Unakaa kwenye kiti kutwa, bokisi la chakula lina kuku, keki, juisi na chokoleti, na usiku kambini madereva tunapewa wali wa kutosha kijiji. Msimu wa Juni mpaka Oktoba nilikuwa narudi Arusha suruali hazifungi.

Keki na juisi niliacha, haikuwa kazi. Kilichonishangaza ni usingizi. Wageni wanataka kutoka saa kumi na moja alfajiri wakamwone simba, na wewe usiku umekaa na wenzako mnapiga stori mpaka saa sita. Siku niliyolala kidogo ndiyo siku ninayotafuna kila kitu kilichopo garini mpaka biskuti za mgeni. Nilivyoanza kulala saa tatu na nusu (wenzangu wananiita babu), njaa ya saa nne asubuhi ilikufa yenyewe. Daktari aliniambia ni jambo linalojulikana, mtu asiyelala vizuri hamu yake ya chakula hupanda. Sikuwahi kuona limeandikwa kwenye zile orodha.

Afya Asilia

Kuna chai inatoa tumbo ndani ya siku 7, haina madhara, njoo inbox.

Mfamasia, Kaloleni

Mleta mada alishakuambia upite salama.

Kwa wengine: chai nyingi za namna hii ndani yake kuna sanamaki, na kazi ya sanamaki ni kuharisha. Kinachopungua kwenye mizani ni maji na choo, ukinywa maji kesho kilo inarudi. Mafuta ya mwilini hayatoki chooni. Yakishaunguzwa, sehemu kubwa hutoka kama hewa ya ukaa kwenye pumzi na iliyobaki hutoka kama maji. Nimeona wateja wanatumia chai hizi mpaka utumbo hauendi bila kusukumwa.

Bibi wa Majengo, Moshi

Wanangu, mimi nina kisukari, nameza vidonge. Nilianza kupunguza chakula kwa sababu magoti yalikuwa yananiua. Chakula kilipungua, kipimo cha dawa kikabaki kilekile. Siku moja sokoni Mbuyuni mikono ikaanza kutetemeka, jasho jingi, maneno yakawa hayatoki vizuri. Muuza nyanya, Mungu ambariki, alinipa soda ya baridi nikanywa yote. Sukari ilikuwa imeshuka.

Hospitali wakanipunguzia dawa. Kumbe mtu wa sindano za insulini au vidonge vya aina fulani akipunguza kula anatakiwa amwambie daktari kabla, siyo baada. Wenye presha nao hivyohivyo, mwili ukipungua dawa ileile inaweza kuwa kali. Magoti sasa yananiruhusu kwenda ibadani kwa miguu.

Mkwe wa Marangu

Nimesoma ya mleta mada nikacheka, maana mimi ndiye huyo mkwe anayepigiwa simu. Kwetu ni Singida, nimeolewa Marangu, tunaishi Arusha. Mwaka mzima naweza kujisimamia. Shida inaitwa Desemba.

Wanaojua wanajua. Mchagga lazima apande nyumbani "kuhesabiwa". Kuanzia mkesha wa Krismasi mpaka mwaka mpya unatoka kihamba hiki (shamba lenye nyumba ya ukoo) unaingia kile, na kila nyumba ni sahani. Huku machalari, kule kiburu, zote ndizi za kupika, kwa shemeji kitimoto, kwenye kipaimara kuna ndafu, mbuzi wa kuchoma, amesimama mzima na majani mdomoni. Na mbege, ambayo mtu asikudanganye ni kinywaji, ile ni ndizi na ulezi, ukinywa kata moja umekula. Na mkwe hakatai sahani ya mama mkwe. Ukikataa umetangaza vita au umetangaza mimba.

Mwaka wa kwanza nilijaribu "nimeshiba mama". Haikunisaidia kitu, niliongezewa. Aliyeniokoa ni mke mwenza wangu, mke wa shemeji mkubwa, mwanamke mwembamba ambaye sijawahi kumwona akikataa chakula. Nikamchunguza. Yeye akifika tu anakamata upawa. Anapakua, anagawa, anakusanya vyombo, anarudi jikoni. Anayepakua hakuna anayemtazama amekula nini! Watu wanajua tu yupo kwenye chakula, na sifa anapata juu. Tangu hapo upawa ni wangu. Nakula nilichokitaka, kidogo, nimesimama jikoni, na mama mkwe anawaambia wageni mkwe wake ni mchapakazi.

Jingine, kilo za Krismasi usizipime tarehe 2 Januari. Nilipima, nikakuta zimeongezeka 3, nikalia. Baada ya wiki ya chakula cha kawaida 2 zilikuwa zimeondoka. Wanga mwingi wa ndizi na chumvi nyingi vinafanya mwili ushike maji, siyo mafuta yote yale. Ndiyo maana pia ukianza mpango wowote wiki ya kwanza unashuka haraka halafu unasimama. Yale ni maji, msishangilie sana.

Kijana wa Tengeru

Swali dogo. Nimeacha sembe nakula dona, na jioni badala ya chakula nakula parachichi mbili kwa sababu ni mafuta mazuri. Sipungui. Tatizo?

Mama wawili, Sakina

Parachichi za huko Tengeru nazijua mwanangu, moja inajaza bakuli. Mafuta mazuri ni mazuri kwa moyo, lakini ni mafuta. Kula nusu, tena na chakula. Na dona ina nyuzinyuzi, inakushibisha mapema, ila kalori zake hazipishani sana na za sembe. Ukiweka mlima uleule utapata kilo zilezile.

Mangi wa Soweto, Moshi

Mimi ni yule aliyepungua zikarudi. Nilikimbia. Nilishuka kilo 20 nikijiandaa na Kilimanjaro Marathon, nikamaliza kilomita 21, picha ninayo ya uwanja wa Ushirika na medali. Baada ya hapo sikuwa na mbio nyingine mbele yangu, miguu ikapumzika, mdomo haukupumzika. Kilo 12 zilirudi.

Hesabu yenyewe ni hii: mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 21 anaunguza kalori kama 1,700. Bia ya nusu lita ni kama 200. Bia tatu, nusu kilo ya kitimoto na ndizi za kukaanga, jioni ileile umeshazirudisha zote na chenji juu. Na daktari aliniambia jambo ambalo ningependa kulijua mapema. Mwili uliopungua unataka chakula kidogo kuliko mwili wa mtu ambaye siku zote alikuwa na kilo hizo, na wakati huohuo njaa yake inakuwa kali zaidi. Si uvivu wako peke yake.

Sasa natembea. Kutoka nyumbani mpaka msitu wa Rau na kurudi, asubuhi, na mke wangu. Kilo zinashuka polepole kuliko zamani ila safari hii hakuna mstari wa kumalizia.

Mleta mada, Njiro

Mangi, hapo kwenye mbio umenigusa, mimi nilikuwa najiandikisha wiki hii. Nitajiandikisha za kilomita 5.

Mzazi mpya, Kijenge

Jamani nami naomba msaada. Nimejifungua, mtoto ana miezi miwili, ananyonya tu. Nimeongezeka kilo 16 na nguo hazinitoshi. Mama amekuja kutoka Machame, kila asubuhi mtori, mchana mtori, na anaweka siagi juu. Nikisema nipunguze analia kwamba maziwa yatakauka. Nifanyeje?

Bibi wa Majengo, Moshi

Mjukuu wangu, pole na hongera. Mtori usiuache, una ndizi na nyama, na anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida. Siagi ndiyo umwombe mama aiache, mwambie inakuletea kiungulia. Maziwa yanakuja kwa mtoto kunyonya mara kwa mara na wewe kunywa maji, siagi haimo.

Mfamasia, Kaloleni

Bibi kamaliza. Anayenyonyesha huhitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku, kwa hiyo usifunge na usinywe chai yoyote ya kupunguza, sanamaki ndiyo kabisa. Anza kwa kutembea jioni mtoto akiwa mgongoni, kama ulijifungua kwa upasuaji uliza kwanza. Siku ya kliniki ya mtoto mwombe nesi akupime na wewe, na mama aende nawe asikie kwa masikio yake.

Mzazi mpya, Kijenge

Asanteni sana. Kliniki ni Alhamisi, nitamwambia "daktari kasema".