Mrejesho: bunduki ya .30-06 iliyokuwa ikitawanya risasi, nyingine sijanunua

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama ninunue bunduki ya .308 (aina nyingine ya risasi), kwa kuwa .30-06 yangu ya kuwindia swala pala na kongoni ilikuwa inatawanya risasi sentimita 15 kwenye mita 100. Asanteni mlionizuia mpaka niikague kwanza.

Aliyetaja kitako (mbao inayobeba mtutu) ndiye aliyepatia. Nilipopitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ilikwama karibu na ncha ya mbele: mbao ilikuwa imevimba kwa mvua za huku Tabora na ikawa inausukuma mtutu pembeni. Nimesugua mfereji wa mbao unaolaza mtutu kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kijiti, mpaka karatasi mbili zikapita bila kukwama, halafu mafuta ya kitani mara tatu ili mbao isinywe maji kwa urahisi. Skrubu moja ya nyuma ya darubini ilikuwa inazunguka kwa vidole! Ifute mafuta, kaza kiasi; ukizidisha unabonyeza bomba la darubini.

Sasa risasi tatu za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) zinakaa ndani ya sentimita 5. Za greni 150 bado 9, sijui kuzituliza. Kusugua shaba inayoachwa na risasi ndani ya mtutu hakukubadili kitu, ingawa vitambaa vilitoka na rangi ya bluu, dalili ya shaba. Na risasi ya kwanza baada ya kupaka mtutu mafuta bado inapotea, kwa hiyo pitisheni kitambaa kikavu kabla ya kutoka.

.308 nimeiacha. Kwa wanyama hao haina la ziada, na ni kuanza upya na mambo ya kibali. Hela imeingia kwenye risasi.