Mwanafunzi kauliza: "Hawa 63 walikuwa wapi?" Naomba msaada, Historia kidato cha sita

Chaki_Nyeupe

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Historia kidato cha tano na sita, wasichana wa tahasusi za HGL na HGK (Historia, Jiografia na lugha), mkoani Tanga. Tumefika kwenye kuinuka kwa Ufashisti na Unazi, na nimekwama mahali ambapo notisi zangu hazinifikishi.

Nilikuwa nimeandika ubaoni matokeo ya chaguzi za Ujerumani. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu. Mwaka 1930, baada ya soko la hisa la New York kuanguka na mabenki ya Marekani kudai mikopo yao, kikapanda hadi 18.3. Julai 1932, watu wapatao milioni 6 wakiwa hawana kazi, kikapata 37.3. Hapo huwa nasema "ndipo Hitler akashika madaraka", kisha naingia Vita vya Pili. Safari hii binti mmoja anayekaa nyuma, si msemaji, akanyoosha mkono: "Madam, 37 siyo nusu. Hawa 63 walikuwa wapi?"

Nikampa Mkataba wa Versailles uliofunga Vita vya Kwanza, nikampa mdororo wa uchumi, hofu ya Ukomunisti, udhaifu wa Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya kabla ya Hitler. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Hizo ni sababu za wale 37, madam. Mimi nauliza wale wengine."

Na ana haki. Sisi tunawapa sababu sita au saba, kila moja na mistari yake mitatu, wanazikariri, mtihani ukija wanazimwaga zote na alama wanapata. Lakini mwulize msichana huyo huyo ilikuwaje nchi yenye bunge, magazeti, vyama na vyuo vikuu vya sifa duniani ikafika mahali pa kuwa na chama kimoja na mtu mmoja, hana cha kukueleza. Wengi wao wametimiza miaka 18. Mwaka wa uchaguzi watapanga foleni kama mimi. Nataka watoke darasani kwangu wanajua kitu hiki kinavyotokea.

Nina vipindi viwili vya dakika themanini. Projekta hakuna, umeme ni wa kubahatisha, karatasi za manila na maktaba ndogo ninavyo. Mngefanyaje?

Mwalimu_wa_Kitui

Mwalimu, huyo binti mshike vizuri. Mimi nafundisha History and Government, Form Four, na swali kama hilo huja mara chache sana.

Ushauri wangu: weka kando orodha ya sababu kwa kipindi kimoja, uchore kalenda ya 1933 kwenye manila. Kalenda tu, Januari hadi Julai. Halafu mtembee siku kwa siku.

Anza hata nyuma kidogo, Novemba 1932. Uchaguzi huo Wanazi walishuka hadi asilimia 33.1. Walipata viti 196. Wasoshalisti wa SPD walikuwa na 121, Wakomunisti 100. Jumlisha: 221. Vyama viwili vya wafanyakazi pamoja vilimzidi Hitler bungeni! Kwa hivyo sehemu ya kwanza ya jibu ndiyo hii: wengi wa wale 63 walikuwepo, ila walikuwa wanachukiana kuliko walivyomchukia yeye. Chuki hiyo ilikuwa na damu ndani yake. Januari 1919, serikali ikiwa mikononi mwa SPD, viongozi wa Wakomunisti, Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, waliuawa na wanajeshi wa kujitolea waliotumwa kuzima maasi ya Berlin. Wakomunisti hawakusahau. Na miaka kumi baadaye agizo kutoka Moscow likawaambia kwamba adui mkubwa ni hao hao SPD, kwamba nao ni aina ya Wafashisti. Hapa unaweza kumwonyesha mwanafunzi kwamba Stalin, mtawala wa Moscow, na Hitler si sura mbili tofauti za kitabu.

Sehemu ya pili ya wale 63 ni wakubwa waliodhani watamtumia. Jumatatu tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg alimteua Hitler kuwa Kansela. Hakuna aliyevunja mlango. Katika baraza lake Wanazi walikuwa watatu tu, yeye, Frick na Göring. Waliobaki walikuwa wahafidhina, na Franz von Papen akawa makamu wake. Papen na wenzake waliamini kabisa kwamba wamemzingira.

Sasa weka alama kwenye kalenda. Tarehe 27 Februari usiku, jengo la bunge linaungua. Tarehe 28, amri ya rais inasimamisha uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika, na polisi wanaruhusiwa kumweka mtu ndani bila mahakama. Amri ile iliitwa ya dharura. Ilidumu hadi 1945. Tarehe 5 Machi uchaguzi mwingine, Wakomunisti wanakamatwa, vijana wa mashati ya kahawia, wanamgambo wa Hitler, wako barabarani, na bado Wanazi wanapata 43.9. Bado si nusu! Mwanafunzi wako atalifurahia hilo. Tarehe 22 Machi kambi ya Dachau inafunguliwa. Kesho yake, tarehe 23, bunge linakutana katika jumba la opera la Kroll, na wabunge wanapiga kura kuipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila wao.

Hiyo kura ndiyo utumie kipindi kizima ukiweza. Ilihitaji theluthi mbili. Wabunge 81 wa Kikomunisti hawakuruhusiwa kabisa kuingia. Wanazi wenye mashati yao wamejipanga ukumbini. Otto Wels wa SPD akasimama, akasema uhuru na maisha wanaweza kunyang'anywa, lakini heshima hapana. Kura 94 zikakataa, zote za chama chake. Zaidi ya 440 zikakubali. Waliotimiza ile theluthi mbili ni chama cha Wakatoliki, Zentrum, waliokuwa wameahidiwa barua ya kulinda haki zao. Wakapiga kura ya ndiyo bila kuiona hiyo barua.

Tarehe 2 Mei vyama vya wafanyakazi vinavamiwa, siku moja tu baada ya serikali kuwapa Mei Mosi ya mapumziko yenye malipo. Tarehe 14 Julai, sheria: chama ni kimoja. Miezi sita haijaisha tangu ile Jumatatu.

Jaribu, mwalimu, utupe majibu.

Mzee_wa_Ubao

Wanangu, salaam. Nimestaafu lakini chaki haijatoka vidoleni. Yote mliyosema ni mazuri, ila niwape angalizo la mtu aliyesahihisha insha nyingi. Mtahini hasomi kalenda. Anatafuta hoja, maelezo na mfano. Mwanafunzi akimsimulia tarehe bila hoja, anaumia, na anayeumia ni mtoto wa mtu ambaye nafasi yake ya chuo inategemea karatasi hiyo. Kwa hiyo, mwalimu wa Tanga, fundisha kalenda, halafu dakika ishirini za mwisho uwarudishe kwenye insha: kila tarehe waitafutie hoja yake. Mgawanyiko wa vyama vya mrengo wa kushoto ni hoja. Wahafidhina kumkumbatia Hitler ni hoja. Matumizi ya sheria za dharura ni hoja. Utashangaa, watakuwa na hoja nyingi kuliko kitabu, na mifano yake ni ya tarehe kamili.

La pili, msiishie Berlin. Mussolini alianza kabla, Oktoba 1922, naye aliitwa na mfalme kuunda serikali. Mbunge Giacomo Matteotti aliyesimama bungeni kulalamikia wizi wa kura na vurugu za uchaguzi alitekwa na kuuawa Juni 1924. Wapinzani wakasusia bunge kwa hasira, mfalme akanyamaza, na Januari 1925 Mussolini akasema mbele ya wote kwamba anabeba dhamana ya yaliyotokea. Hakuna aliyemgusa.

Na huyo ndiye aliyekuja kwetu. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yaliingia Ethiopia. Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, ukaiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta hayakuwemo, na Mfereji wa Suez uliachwa wazi meli za askari zipite. Gesi ya sumu ilimwagwa kutoka angani juu ya watu ambao hawakuwa na hata barakoa. Haile Selassie akaenda Geneva, Juni 1936, akasimama mwenyewe kuwaeleza. Februari 1937, baada ya jaribio la kumwua Graziani, mtawala wa Kiitaliano huko, raia wa Addis Ababa walichinjwa kwa siku tatu. Ninaumia kila nikiona insha za watoto wetu zinaitaja Ethiopia kwa mstari mmoja, "kushindwa kwa Ushirika wa Mataifa", kana kwamba aliyeshindwa ni ofisi. Wafundisheni kwamba wale 63 wa msichana yule walikuwepo London na Paris pia.

Mtoto_wa_Ilala

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, nasoma Berlin, ila nimekuwa nafuatilia mjadala huu tangu asubuhi na kuna mtu ambaye nadhani darasa la Tanga linapaswa kumjua.

Anaitwa Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Mwafrika wa jeshi la kikoloni la Kijerumani, na Vita vya Kwanza vilipoanza naye aliingizwa katika jeshi hilo, chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, akiwa bado mtoto. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, mshahara wake na wa baba yake haukulipwa. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai fedha hizo serikalini, akakataliwa. Akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu katika jumba kubwa la starehe, na alikuwa akisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu hapa Berlin. Januari 1933, mwezi uleule wa kalenda ya mwalimu wa Kitui, alioa mwanamke Mjerumani.

Kinachonigusa ni kwamba huyu hakuwa mpinzani. Alishiriki mikutano ya Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudishwe. Alivaa sare za askari kwenye maonyesho yao. Aliigiza hata katika filamu ya kumtukuza mkoloni Carl Peters iliyotoka 1941. Yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Sidhani ni haki kumhukumu harakaharaka, alikuwa na familia na kila mlango mwingine ulikuwa unafungwa. Sheria za Nuremberg za 1935, zilizokataza ndoa na mapenzi na Wajerumani, ziliwalenga Wayahudi, lakini miezi michache haikupita zikafafanuliwa kuwa zinawahusu na watu weusi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Hakuna kesi iliyosikilizwa. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, mtaa wa Brunnenstraße, kuna kibamba kidogo cha shaba kimepachikwa kwenye njia ya miguu chenye jina lake. Nimekwenda kukitazama. Watu wanapita juu yake wakienda kupanda treni.

Darasani naona anafaa sana, kwa sababu huyu hakuwa na kura hata moja, na bado alitafuta nafasi yake ndani ya mfumo ule mpaka mfumo wenyewe ukamkataa.

Chaki_Nyeupe

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya kama mlivyosema na naandika nikiwa bado ofisini.

Kalenda tulichora kwenye manila mbili nikaziunganisha kwa gundi. Kwa kura ya tarehe 23 Machi niligawa darasa: hawa Zentrum, hawa SPD, hawa Wanazi, na wasichana wanane nikawatoa nje ya mlango, wawe Wakomunisti. Wakasimama dirishani wakitazama. Zentrum walibishana muda mrefu. Mmoja akasema wakikataa, shule zao za kanisa zitafungwa. Mwingine akasema wakikubali, nani atazilinda kesho? Walipiga kura ya ndiyo. Sikuwaambia wapige vipi. Nilipowauliza kwa nini, kiongozi wao akajibu kwamba waliona itapita tu hata wakikataa. Nikawaonyesha hesabu ubaoni: wao wakikataa, theluthi mbili haifiki kwa urahisi hata kidogo. Pakazuka kelele, Zentrum wakaanza kulaumiana wao kwa wao hadi kengele ikalia.

Binti wa kiti cha nyuma alikuwa miongoni mwa wale wa dirishani. Amenikabidhi insha kurasa nne, hoja nane, Mzee wa Ubao ungeipenda. Bayume Husen kamweka mwishoni. Ameniuliza kama familia yake iko Dar.

Sasa nina kipindi cha Stalin na naona njia hii haitafaa, maana pale hakuna uchaguzi wa kuhesabu kura. Nianzie wapi? Notisi zangu zinaanza na mauaji ya 1937.

Mwalimu_wa_Kitui

Hapo kwenye 1937 umeshachelewa, mwalimu. Anza 1922, Stalin anapopewa Ukatibu Mkuu wa chama cha Kikomunisti, kazi ambayo wenzake waliiona ya makaratasi. Waulize wasichana: katika chama, anayeteua makatibu wa mikoa ana nini mkononi? Waache wafikiri. Makatibu wa mikoa ndio wanaosimamia uteuzi wa wajumbe, wajumbe ndio wanaochagua Kamati Kuu. Lenin, kiongozi wa nchi, aliliona hilo akiwa mgonjwa, akaandika kwamba Stalin aondolewe kwenye kiti hicho. Barua ikasomwa baada ya kifo chake, viongozi wakaamua isitangazwe, Trotsky, mpinzani mkubwa wa Stalin, naye akiwemo akanyamaza. Mwaka 1929 Trotsky alifukuzwa nchini.

Na kura za kuhesabu zipo, ziweke ubaoni. Mkutano mkuu wa chama wa 1934, ule waliouita wa washindi, ulikuwa na wajumbe 1,966. Wote walimpigia Stalin makofi. Khrushchev, aliyeongoza nchi baada ya Stalin, alipozitoa hesabu mwaka 1956, 1,108 kati yao walikuwa wamekamatwa, na kati ya watu 139 waliochaguliwa na mkutano huo kuingia Kamati Kuu, 98 walikuwa wamepigwa risasi. Andika 1,966 kwanza, uwaache wabishane nani aliyekuwa salama, ndipo uandike namba ya pili.

Njaa ya 1932 na 1933 huko Ukraine na Kazakhstan iweke kipindi chake peke yake, usiibane humo.