Leseni ya Kenya, dereva mwanamke, Riyadh: itakubalika?

Mwanamumias: Asalaam aleikum. Kuna binti hapa Mumias, miaka 24, ana leseni ya daraja B na amepata mkataba wa kuendesha gari la familia Riyadh. Babake amekataa, anasema kule mwanamke kushika usukani ni haramu. Je, marufuku iliondolewa kweli? Na leseni ya kwetu itamfaa?

Binti_Kaloleni_Kisumu: Waaleikum salaam. Iliondolewa. Mfalme Salman alitoa amri 26 Septemba 2017, ikaanza kutumika 24 Juni 2018.

Mzee aelezwe ilivyokuwa imefungwa. Sheria ya trafiki yenyewe haikumtaja mwanamke. Alinyimwa leseni tu, basi. Wanawake 47 walipoendesha magari Riyadh tarehe 6 Novemba 1990, ndipo wizara ya mambo ya ndani ikatangaza katazo, likibebwa na fatwa ya Sheikh Ibn Baz, mwanazuoni mkubwa wa Saudia. Msingi wa fatwa ulikuwa kuziba njia za ufisadi (sadd al-dharai), hasa khalwa (mwanamke kuwa faraghani na mwanamume asiye mahram wake, yaani anayeweza kumuoa) na kuvua hijabu. Lakini mwanamke asiyeendesha huendeshwa, na dereva wa kuajiriwa si mahram wake. Khalwa ileile iliyokimbiwa! Amri ya 2017 yenyewe ilisema wengi wa Baraza la Wanazuoni Wakuu hawakuona kizuizi cha kisharia. Hilo ndilo la kumwonyesha mzee.

Ila binti asijisahau. Loujain al-Hathloul, aliyedai haki hiyo kwa miaka, alikamatwa Mei 2018, wiki chache tu kabla ya siku yenyewe, na hakutoka hadi Februari 2021. Kuendesha ni ruhusa, kubishana na serikali mtandaoni ni jambo jingine.

Karani_wa_Mikataba: Leseni ya Kenya, hata ikiambatana na kibali cha kimataifa cha AA (chama cha wenye magari), humfaa mgeni wa muda. Akishapata iqama (kibali cha ukaazi) anahitaji leseni ya Saudia: tafsiri ya Kiarabu ya leseni yake, kipimo cha macho, kisha majaribio kwenye shule ya udereva. Anayejua hupangiwa saa chache, asiyejua kabisa hufika saa 30. Aulize mapema nani analipa, maana shule za wanawake zilianza na ada kubwa kuliko za wanaume.

Kubwa zaidi ni mkataba. Kazi iandikwe dereva wa familia. Ikiandikwa mfanyakazi wa nyumbani, atapika, atafua, na gari ataliona dirishani. Wakala naye athibitishwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira kabla ya kutoa hata shilingi.

Mkufunzi_Nakuru: Karatasi zikiisha, kuna barabara. Saudia wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Kwenye mzunguko magari huenda kinyume na ya kwetu, na anampisha anayetoka kushoto. Indiketa nayo iko mkono wa kushoto, kwa hiyo wiki ya kwanza atawasha waipa kila anapokata kona. Hiyo ni ya kuchekesha. Ya kuua ni kutoka kituo cha petroli alfajiri, barabara tupu, mwili ukarudi upande wa Mumias. Kwenye foleni hukosei sana, unafuata wenzako. Pia gari litavutwa kulia bila yeye kujua, kwa sababu amezoea bodi iwe kushoto kwake. Atazame kioo cha kulia mara nyingi kuliko kawaida, la sivyo rimu zitakula ukingo.

Mwanamumias: Shukran. Na nikabu? Anaivaa.

Mkufunzi_Nakuru: Avae ile isiyobana pembeni ya macho, aifunge nyuma isiteleze, kisha ageuze shingo kabisa kabla ya kubadili njia, asitegemee kona ya jicho. Abaya iwe juu ya kifundo cha mguu, maana pindo likiingia chini ya pedali ya breki, hakuna breki. Mshipi upite juu ya shungi, ulale bapa begani, na pini isikae chini yake.