HashMap ya Java inarudisha null wakati ufunguo nimeuweka

Mdau_Ubungo: Wakuu, natengeneza programu ya nauli za daladala kwa Java, natumia HashMap (ramani inayohifadhi thamani kwa ufunguo). Ufunguo ni klasi Njia yenye mwanzo na mwisho, thamani ni nauli. Nimeweka new Njia("Mbagala", "Kariakoo") kwa put. Nikiita get kwa Njia mpya yenye maneno yaleyale, napata null (yaani hakuna kitu). Nakosea wapi?

Fundi_Kodi: Mkuu, klasi yako haina equals (ya kulinganisha vitu viwili) na hashCode (ya kutoa namba ya hashi ya kitu). Bila hizo, Java huhesabu Njia mbili kuwa tofauti hata maandishi yakifanana. Andika zote mbili: equals ilinganishe vituo vyote, hashCode irudishe Objects.hash(mwanzo, mwisho). Ukiandika equals peke yake utakwama palepale, maana HashMap hutumia hashCode kwanza kuchagua ndoo (fungu ndani ya ramani) ya kutafutia, ndipo huita equals. Kama uko Java 16 kwenda juu, andika record (klasi fupi ya kubeba data) tu: record Njia(String mwanzo, String mwisho) {}; zote zinakuja zenyewe.

Binti_Temeke: Naongezea: usipotumia record, fanya mwanzo na mwisho ziwe final (zisibadilike). Ukibadilisha kituo baada ya put, hashi inabadilika na nauli inabaki humo bila kupatikana tena. Halafu int nauli = ramani.get(njia) itarusha kosa la NullPointerException ufunguo usipokuwepo. Wengi hukimbilia getOrDefault(njia, 0), inayorudisha 0 ufunguo usipokuwepo; kwa nauli sishauri hata kidogo, sifuri itapita kimya kimya. Pokea Integer (inakubali null, int haikubali), kagua null.

Mdau_Ubungo: Record imemaliza, asanteni sana. Ila orodha inatoka shaghalabaghala.

Fundi_Kodi: HashMap haiahidi mpangilio. Tumia LinkedHashMap, itafuata ulivyoingiza.