Mbwa wetu anatokwa na damu, binti anauliza kama naye yuko hedhini. Nimjibuje?

Mama Wawili:
Habari zenu wadau. Nina binti wa miaka 11, hajavunja ungo lakini dalili zote zipo. Juzi mbwa wetu jike kaanza kudondosha matone ya damu, anajilamba muda wote na sehemu zake zimevimba. Binti kaniuliza, "Mama, naye yuko kwenye siku zake?" Sitaki kumjibu ndiyo ili yaishe, maana atakachoshika leo ndicho atakachokitumia kujielewa mwenyewe. Wenye ujuzi, hii damu na hedhi ni kitu kimoja?

Jirani Mwema:
Damu ni damu, mama. Mwambie kila jike lina siku zake, mengine atafundishwa shuleni.

Tabibu Mifugo:
Hapana mkuu, hapo tutampotosha mtoto. Kwa binadamu hedhi inakuja mwishoni: yai limepevuka, halikukutana na mbegu ya kiume, basi ule utando ulioandaliwa ndani ya mji wa mimba unabomoka na kutoka. Kwa mbwa ni kinyume kabisa. Damu yake ni ya maandalizi, mayai hayajatoka bado. Siku kama 9 za mwanzo madume wanamfuata naye anawafukuza. Kisha damu inapauka, inakuwa majimaji ya rangi ya waridi, na ukimgusa kiunoni anasimama tuli na kusogeza mkia pembeni. Hapo sasa ndipo anashika mimba. Watu wengi humfungia damu ikitoka, ikikata wanamwachia, na baada ya siku 63 hivi kuna watoto wa mbwa uani. Wako mfungie wiki tatu mpaka nne tangu tone la kwanza.

Mkunga:
Tabibu kasema vizuri. Mimi nina wasiwasi na upande wa binti. Akijipachika kanuni ya mbwa, atadhani mimba inahusiana na damu na kwamba siku za mbali na damu ni salama. Kwa mwanamke yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*. Ukihesabu kuanzia hedhi iliyopita, mwenye mzunguko wa siku 28 atapatia, wa siku 35 atakosea kwa wiki nzima. Yai lenyewe huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kulisubiri hadi siku 5. Tena miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana hurukaruka, kwa hiyo asihesabu siku yoyote kuwa salama. Na hili usiliache, mama: yai la kwanza linaweza kupevuka kabla hajaona damu yake ya kwanza.

Mfugaji:
Kwa ng'ombe ndiyo usiseme. Damu kidogo hutoka siku moja hadi tatu *baada* ya joto (siku anazotaka dume), yaani ukiiona, nafasi ya kumpandisha imeshapita. Sungura yeye haoni damu, na mayai yake hayatoki mpaka apandwe kwanza, kama saa 10 baadaye. Kila mnyama ana utaratibu wake.

Mama Wawili:
Mungu awabariki. Nimekaa naye, nimemchorea mji wa mimba na mirija yake, kaelewa vizuri sana. Sasa kaja na jingine: kwa nini mbwa azae sita na binadamu mmoja?

Tabibu Mifugo:
Ana akili huyo! Mwanamke kwa kawaida hutoa yai moja kila mzunguko. Yakitoka mawili na yote yakarutubishwa, ni mapacha wasiofanana. Mbwa hutoa mayai mengi kwa mkupuo, na mji wake wa mimba una pembe mbili ndefu ambamo watoto hujipanga mstari, kila mmoja na kondo lake. Akipandwa na madume wawili, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.